Hii ya Toothless Nitaitetea

Wasee walianza kupiga nduru kabla hata muvi itoke. Ati DreamWorks wameishiwa na stori, ati mbona warudie How to Train Your Dragon na watu wa ukweli na ile katuni ya 2010 bado iko fiti. Nawaelewa. Tumechezwa mara mob na hizi muvi za kurudiwa: wanachukua katuni uliipenda ukiwa mtoi, wanaitoa rangi, wanaitoa roho, halafu wanakuuzia tena. Lakini hii ya 2025, manze, nitaitetea mbele ya msee yeyote.

Rada ni hii: mwenye katuni ndiye amerudi nayo. Dean DeBlois ndiye alitengeneza ile ya kwanza pamoja na Chris Sanders, akashikilia peke yake ya 2014 na ya 2019, na hii pia ni mkono yake. John Powell amerudi na muziki. Na Gerard Butler, ule alikuwa sauti ya chifu Stoick kwa katuni, sai ni Stoick mzima mzima, na ndevu zake na mangozi mabegani. Miaka 15 tumekuwa tukimskia tu. Sai tunamcheki usoni, na pale anamkana mtoi wake Hiccup, unaona buda ameumia kushinda ule anatukanwa.

Lakini kitu ilinimaliza ni pale bondeni. Hiccup, ameigizwa na Mason Thames, amempata dragoni Toothless amekwama huko chini, mkia imekatika upande moja, hawezi paa. Na ni Hiccup mwenyewe alimdungua. Hapo maneno ni kidogo sana. Chali anachora mchangani, dragoni anang'oa mti na kuchora zake, wanazungukana polepole, kila mtu akipima mwenzake. Mwisho Hiccup ananyoosha mkono, anageuza uso kando, anangoja.

Kwa katuni hiyo sehemu ni tamu, hakuna ubishi, lakini mkono ni mchoro na pua ni mchoro. Hapa ni vidole za kijana mwenye anaweza umwa. Nilijua vizuri kitu itafanyika na bado nilishika pumzi. Unajua walifanyaje? Kwa seti kulikuwa na wasee wa kuchezesha vikaragosi, wameshika kichwa ya Toothless ya sponji, ndio Thames apate kitu ya kugusa na macho ya kuangalia. Kompyuta ikakuja baadaye kuweka ngozi. Ndio maana macho ya huyu kijana haipotei hewani vile tunaona kwa muvi zingine.

Wengi wetu tumelelewa na DJ Afro, msee anakubongea muvi yote mpaka unaskia ni kama ilitengenezewa mtaa yenu. Namheshimu sana huyo jamaa. Lakini pale bondeni hakuna dijei ana kazi. Kila mtu ameelewa.

Halafu wanapaa! Hiccup amemuundia mkia ingine, anaikanyaga na mguu kuigeuza, na mara ya kwanza kila kitu inaenda mrama, karatasi yake ya maagizo inapeperuka, wanaanguka, na muziki ya Powell inawashika huko chini na kuwarudisha juu. Nililia, na sioni haya.

Si ati kila kitu iko sawa. Katuni ilikuwa dakika 98, hii ni 125, na katikati unaskia hizo dakika. Vita za usiku ziko na giza mob, mpaka unamiss zile rangi za kitambo. Lakini yule msichana Astrid, ameigizwa na Nico Parker, ameongezewa njaa: anataka kuwa chifu, na anamwambia Hiccup peupe kwamba yeye amezaliwa mtoto wa mkubwa, lazima wengine watoe jasho kupata chenye yeye anaona ni mzigo. Kwa katuni hiyo stori haikuwa. Msee yeyote ametembeza vyeti tao akiona kazi inapewa mtoto wa fulani, hiyo maneno inamgonga.

Pia hawakuogopa mguu. Mwishoni Hiccup bado anaamka bila mguu wa kushoto, vile ilikuwa kwa katuni, na ni muvi ya watoi. Toothless anahitaji mguu ya Hiccup ndio apae, na Hiccup sai anahitaji bega ya Toothless ndio atembee. Wangeficha hiyo, ningetoka na hasira.

Kama uko na mtoi kwa keja, mwonyeshe katuni kwanza, halafu hii, kwa skrini kubwa ukiweza. Ya pili imetangazwa ya 2027. Na kama ulicheki katuni ya 2014, unajua kitu inamngoja Stoick. Tukishamwona Butler usoni hivi, sijui tutakaa aje kwa viti za sinema.