Mgonjwa Akiomba Kumalizia Siku Zake Nyumbani: Mambo ya Kupanga Mapema

Daktari anapoieleza familia kwamba saratani imeenea na matibabu ya kuiondoa hayatasaidia tena, wagonjwa wengi huomba jambo moja tu: warudishwe nyumbani. Familia nyingi hukubali bila kusita. Shida huja usiku. Maumivu yanapanda, dawa iliyomo nyumbani ni ile ya kutuliza kichwa, na hakuna anayejua apigiwe nani simu. Saa tisa za usiku mgonjwa anapakiwa kwenye gari la jirani, na anafariki njiani au kwenye benchi la kitengo cha dharura. Alikuwa na watu waliompenda, lakini usiku huo haukuwa umepangiwa.

Huduma inayowezesha ombi hilo kutimizwa huitwa tiba shufaa. Ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mtu mwenye ugonjwa usiopona, na kuwasaidia wanaomuuguza. Haiharakishi kifo wala haikiahirishi. Nchini Kenya imekuwepo tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, na siku hizi hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kitengo chake. Si ya saratani pekee. Mgonjwa wa figo, wa moyo au wa kiharusi anaweza kuihitaji, na ni vyema aanze kuipata mapema badala ya kungoja wiki ya mwisho.

Kabla mgonjwa hajatoka wodini, omba kuonana na wahudumu wa kitengo hicho. Usiondoke bila muhtasari wa matibabu ulioandikwa na daktari, dawa za kutosha na maelezo ya kuzitumia, na namba ya simu ya muuguzi atakayepokea swali lako. Uliza pia namba hiyo hupokelewa saa ngapi, na utafanya nini nje ya saa hizo.

Dawa inayozua hofu kuliko zote ni mofini. Wapo wanaoamini kwamba ukipewa mofini umeshahukumiwa, na wapo wanaomnyima mgonjwa wakihofia atakuwa mraibu. Imani zote mbili zinawaumiza wagonjwa bure. Mofini ya kunywa hutiwa kwenye chupa, hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, na kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: humpa mgonjwa pale tu anapolia. Dawa hii hufanya kazi vizuri ikitangulia maumivu, kwa hivyo saa zifuatwe hata kama mgonjwa ametulia. Mara nyingi daktari huongeza kipimo cha wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe na maumivu usiku wa manane.

Mofini hufunga choo, na kwa hiyo huandikiwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Asipopewa hiyo, tumbo litamtesa kuliko ugonjwa. Usingizi mwingi wa siku mbili tatu za kwanza ni kawaida. Lakini akiwa mgumu kuamshwa, au akipumua polepole mno, usimpe kipimo kinachofuata kabla ya kuzungumza na muuguzi. Chupa ihifadhiwe mbali na watoto, na usimgawie mtu mwingine hata kama naye anaumwa. Sheria inaruhusu mofini kwa matibabu tu, kwa maagizo ya mhudumu wa afya aliyeidhinishwa.

Kazi nyingine si ngumu, ila huchosha. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Midomo yake ilowanishwe kwa kitambaa safi chenye maji. Siku za mwisho mwili huacha kutaka chakula, na kumlazimisha uji kunaweza kumpalia. Jambo hili huwauma sana akina mama na mabinti wanaopika, kwani kumlisha mtu ndiyo njia yao ya kumpenda. Pumzi ya kukoroma na mikono kuwa baridi pia ni dalili za kawaida. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu hatoi mofini, lakini anaweza kumwangalia mgonjwa na kuwaunganisha na kituo cha afya. Mjulisheni mgonjwa anapowasili, na pangeni zamu ili mtu mmoja asikeshe kila usiku.

Hofu nyingine ni ya serikali: kwamba mtu akifia nyumbani polisi watakuja. Polisi huhusika pale ambapo kifo ni cha ghafla na hakina maelezo, au kinashukiwa kutokana na jeraha au uhalifu. Kifo cha ugonjwa unaojulikana huripotiwa kwa naibu chifu wa mahali kilipotokea, ambaye hujaza fomu na kutoa kibali cha mazishi. Atataka kitambulisho cha marehemu, na ule muhtasari wa daktari utarahisisha mambo. Familia zinazozika siku hiyo hiyo, kama ilivyo kwa Waislamu, zitafute namba yake mapema. Kibali kitunzwe, kwa sababu ndicho kitakachotumika kuombea cheti cha kifo, na bila cheti hicho masuala ya akaunti za benki na urithi hukwama.

Mgonjwa anaweza kubadili nia. Akitokwa na damu nyingi, akipata degedege, au anayemuuguza akizidiwa, kurudi hospitalini ni sawa kabisa, na asiwepo wa kulaumiwa. Mofini itakayobaki isimwagwe wala kuwekwa akiba. Irudishwe kwenye duka la dawa la hospitali iliyoitoa.