Namba Kubwa na Kipimo cha Kugawanyika kwa 3

Wanafunzi wakishajua kwamba namba inayoishia na 0 au 5 hugawanyika kwa 5, wengi hudhani kwamba inayoishia na 3 hugawanyika kwa 3. Mwalimu asilikemee kosa hili, bali awape namba za kulipimia.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini Tanzania. Namba hii inaishia na 3, lakini jumla ya tarakimu zake ni 41, nayo haigawanyiki kwa 3. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Tanzania Bara. Hii inaishia na 7. Hata hivyo jumla ya tarakimu zake ni 42, nayo hugawanyika bila baki.

Sababu ni nini? Mtoto wa Masuguru, wilayani Handeni, aweza kuiona kwa punje za mahindi. Azihesabu punje 10, azitenge tatu tatu: itabaki 1. Katika punje 100 itabaki 1 vilevile, kwa kuwa 99 hugawanyika. Na ndivyo ilivyo kwa 1,000 hadi mamilioni. Basi katika 42, makumi 4 huacha punje 4. Ongeza 2, zitakuwa 6, nazo hugawanyika.

Kwa 5 mambo ni tofauti: kila kumi hugawanyika lote, hivyo tarakimu ya mwisho pekee ndiyo huamua. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti hiyo hatazichanganya kanuni hizi mbili, wala hataiogopa namba kwa sababu ya urefu wake.