Familia ya Mchungaji Katika Nchi ya Theluji

Wazee wetu wa Mara waliwaona wamisionari wakija kutoka nchi za baridi. Mwaka 1934, Elam Stauffer na mkewe Elizabeth walifika Shirati. Walikuwa Wamennonite kutoka jimbo la Pennsylvania, Marekani. Siku hizi Shirati iko katika wilaya ya Rorya, lakini kabla ya mwaka 2007 ilikuwa katika wilaya ya Tarime. Kwao kuna majira ya theluji. Hapa walikuta jua la ziwani. Ilibidi wajifunze mambo mengi upya: lugha, chakula, namna ya kuamkia wazee. Walimu wao walikuwa wenyeji.

Leo safari hiyo ina njia mbili. Wachungaji wa Tanzania nao hutumwa kufanya kazi Ulaya. Upo umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na ofisi yake kuu iko katika mji wa Wuppertal, Ujerumani. Dayosisi kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania zimo ndani ya umoja huo. Mjerumani huja kufanya kazi Bukoba, na Mtanzania huenda kufanya kazi Ujerumani. Hata sisi wa Mara tuna ndugu huko mbali. Waanglikana wa Mara, Rorya na Tarime wana uhusiano wa miaka mingi na Waanglikana wa Leeds, Uingereza. Wageni huenda na kurudi.

Mgeni wa wiki mbili hupewa koti la kuazima, akarudi nyumbani na picha za theluji. Lakini mchungaji anayetumwa kwa miaka kadhaa huenda na familia yake. Hebu tuchukue mfano wa familia kama hiyo: baba mchungaji, mama, watoto wawili wa shule na mtoto mchanga. Wamefika Wuppertal mwezi wa Novemba. Wataishije?

Kwanza tuielewe baridi yenyewe. Sisi tunayo baridi yetu. Mtu wa vilima vya Tarime anaijua asubuhi ya mwezi wa Julai. Hujifunika blanketi, huota moto, na jua likipanda baridi hukimbia. Baridi ya Ujerumani haikimbii hivyo. Inaanza mwezi wa Novemba na kukaa mpaka Machi. Siku nyingine maji ya ndoo iliyoachwa nje huganda yakawa jiwe. Tena, watu hudhani kwamba theluji huanguka kila siku. Si kweli. Katika mji kama Wuppertal siku nyingi za majira hayo ni za mawingu na mvua nyembamba. Ubaridi wa mvua ile huchosha moyo kuliko theluji.

Sababu yake ni nini? Chukua chungwa, ulichome kijiti katikati, kitokee juu na chini. Washa taa ya chemli, uiweke mezani. Taa ni jua, chungwa ni dunia. Sasa inamisha kijiti kidogo upande mmoja. Lizungushe chungwa kuizunguka taa, lakini kijiti kielekee upande ule ule siku zote. Utaona kwamba mahali pamoja kichwa cha chungwa kinainamia taa. Upande wa pili wa meza, kichwa kile kile kinaikimbia taa. Ujerumani iko huko juu, karibu na kichwa. Ikiikimbia taa, jua lao huwa chini na dhaifu, na mchana huwa mfupi. Hayo ndiyo majira ya baridi. Mara iko karibu na kiuno cha chungwa. Kiuno hupata mwanga karibu sawa mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo saa zetu za Kiswahili zinatufaa sana. Jua huchomoza, tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Likizama, tunaanza tena. Huko hesabu hii huvurugika. Mwishoni mwa Desemba jua la Wuppertal huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na huzama karibu saa kumi na nusu. Mchana wote ni saa nane tu. Mwezi wa Juni ni kinyume: jua huzama karibu saa nne usiku. Mtoto aliyezaliwa Mugumu humwuliza mama yake, "Mbona unatuamsha usiku twende shule?" Mama hana la kujibu ila kuonyesha saa ya ukutani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Nyumba ya huko ina kuta nene, na madirisha yenye vioo viwili viwili. Milango hufungwa barabara. Ukutani, chini ya dirisha, kuna chuma kipana chenye mifereji. Maji ya moto hupita ndani yake. Maji hayo huchemshwa na mtambo, mara nyingi kwa gesi. Hakuna moshi wala kuni. Mgeni hufurahi sana, akafungua joto lote mchana na usiku.

Furaha hiyo ina bei. Mpangaji hulipa fedha kiasi kila mwezi kwa ajili ya joto. Kisha mara moja kwa mwaka hufanyiwa hesabu. Akiwa ametumia zaidi, anadaiwa. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya gesi ilipanda sana, na Wajerumani wenyewe walikaa ndani na masweta. Kwa hiyo familia hujifunza kupasha joto vyumba vinavyokaliwa, na kulala chini ya mablanketi mazito.

Hujifunza pia kufungua madirisha. Jambo hili huwashangaza wageni: baridi kali nje, na jirani amefungua madirisha yote! Sababu ni hii. Watu watano wakipumua, wakipika na kuanika nguo ndani, hewa hujaa unyevu. Unyevu hushika kuta zenye baridi, na kuvu jeusi huota. Kuvu hilo huleta kikohozi, hasa kwa watoto. Basi madirisha hufunguliwa wazi kabisa kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kisha hufungwa. Kuacha dirisha wazi kidogo kutwa nzima hakufai. Joto hutoka, na kuta hupoa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili linaua, huko na hapa kwetu.

Mtu akiona deni la joto ni kubwa, anaweza kukumbuka jiko la mkaa. Anaweza kusema, "Nitawasha mkaa kidogo chumbani, tulale vizuri." Asifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hata mkaa ulioiva vizuri, usiotoa moshi, unaitoa. Nje hupeperushwa na upepo. Ndani ya chumba kilichofungwa hujaa. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa njema. Kichwa huuma. Huja kizunguzungu na kutapika, kisha usingizi mzito. Aliyelala hasikii lolote, hufa usingizini. Katika nchi za baridi watu wameangamia hivyo, wakiwamo wageni walioingiza majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba.

Kwetu hali ni ile ile. Mwezi wa Julai mtu wa mlimani huingiza jiko chumbani, akaziba dirisha kwa gunia na kufunga mlango. Nyumba ya zamani ya nyasi ilikuwa na nafasi za kupitisha hewa. Nyumba mpya ya matofali na bati, yenye dari na madirisha ya vioo, haina nafasi hizo. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi. Kabla ya kulala toa jiko nje, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Na ukimkuta mtu ndani ya chumba cha namna hiyo hajiwezi, fungua mlango na madirisha, mvute nje apate hewa, kisha mpelekeni hospitali upesi. Usikae ndani kumtafutia dawa ya malaria. Sumu ile itakulaza wewe pia.

Turudi Wuppertal. Usiku theluji imeanguka. Kabla ya chai, baba hutoka na koleo. Miji mingi ya Ujerumani humtaka mwenye nyumba, au mpangaji aliyepewa kazi hiyo katika mkataba, asafishe njia ya miguu mbele ya nyumba kuanzia saa moja asubuhi. Mpita njia akiteleza na kuvunjika mguu, aliyeacha njia chafu anaweza kudaiwa. Baada ya kukwangua, hunyunyiza mchanga au changarawe. Barafu mbaya kuliko zote ni ile nyembamba, isiyoonekana juu ya lami. Mtu hutembea juu yake kwa hatua fupi fupi, kama bata.

Watoto huvaa nguo nyingi. Nguo tatu nyembamba, moja juu ya nyingine, hushinda nguo moja nzito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati hutunza joto. Kisha koti, kofia, skafu, glovu na viatu virefu. Mama humaliza kumvalisha wa pili, na wa kwanza anataka kwenda chooni! Kwenye mikoba yao kuna vipande vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari, maana wanakwenda shule gizani.

Chakula si shida kubwa. Katika miji mikubwa yako maduka ya Waafrika na Waasia yanayouza unga wa mahindi, unga wa muhogo na dagaa wakavu. Ugali upo. Ugali wa ulezi hupatikana kwa taabu, na mtu wa Mara huukumbuka.

Kuna chakula kimoja ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni jua. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo huimarisha mifupa. Wakati wa baridi jua la Ujerumani liko chini mno, na watu wamejifunika mwili mzima. Ngozi haitengenezi karibu chochote. Tena ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko ngozi nyeupe ili kupata kiasi kile kile. Kwa hiyo mtoto mchanga wa familia yetu yumo hatarini kupata matege. Madaktari wa Ujerumani huwapa watoto wachanga wote matone au vidonge vya vitamini D kila siku katika mwaka wa kwanza, wawe weusi au weupe. Mama anaweza kusita: "Mtoto wangu haumwi, ananyonya vizuri, dawa ya nini?" Swali ni zuri, lakini maziwa ya mama yana vitamini D kidogo tu, na jua la nyumbani halipo. Ampe.

Kazi ya baba je? Huhubiri, hufundisha vijana, hutembelea wagonjwa na wazee. Makanisa makubwa ya mawe hula gesi nyingi. Kwa hiyo sharika nyingine huhamia ukumbi mdogo wa usharika tangu Januari, mpaka baridi ipungue. Viti hamsini, wazee ishirini, kila mmoja na koti lake mapajani. Mchungaji aliyezoea kwaya tatu na watu waliosimama mpaka mlangoni huona ajabu. Mazishi ni mengi majira hayo. Wafiwa hunywa kahawa pamoja, kisha kila mtu huenda kwake. Hakuna matanga. Mchungaji wa kwetu akirudi wiki ya pili kumwona mjane, mjane hushangaa, kisha huweka maji ya chai.

Lakini huwezi kumtembelea mtu hivi hivi. Piga simu kwanza, mpatane siku na saa. (Najua Mkurya atacheka: jirani ukuta kwa ukuta, naye ahitaji simu!) Wakati wa baridi watu hawakai barazani. Waweza kumaliza mwezi bila kuuona uso wa jirani. Hapo naona mzigo mzito zaidi unamwangukia mama. Baba ana kazi, watoto wana shule. Mama yuko na mtoto mchanga, lugha haijui bado, na kiza kinaingia saa kumi na nusu. Wengine hupoteza usingizi, hula ovyo, hulia bila sababu. Madaktari wanaijua huzuni hiyo ya majira ya baridi, na wenyeji nao huipata. Humsaidia mama kutoka nje kila siku adhuhuri, hata kama ni mawingu, na mtoto katika kigari. Darasa la lugha humsaidia zaidi, kwa kuwa huko hukutana na wanawake wengine wageni. Huzuni isipoondoka, amwone daktari.

Jioni hupigwa simu nyumbani. Wakati huo Tanzania iko mbele kwa saa mbili. Huko saa moja jioni, Tarime saa tatu usiku. Bibi huuliza kwa sauti kubwa, "Bado baridi?" Watoto humwonyesha dirisha, naye haoni ila giza.

Kisha siku hurefuka, dakika chache chache. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zote husogezwa mbele saa moja. Maua madogo hutokea ardhini. Asubuhi moja watoto hutoka mbio bila makoti, na mama husimama mlangoni kuwaita warudi wakayavae.