Kupanda Iveti kwa Baiskeli

Kila mwaka, baridi inapoanza kupungua Ulaya, waendesha baiskeli kwa maelfu hupanda ndege kwenda Mallorca, kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Mediterania, kufanya mazoezi kwenye barabara za milimani. Mlima mrefu kuliko yote kisiwani humo, Puig Major, haufiki mita 1,450. Mji wa Machakos, pale sokoni penyewe, uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo vilima ndiyo kwanza vinaanza.

Machakos imezungukwa na vilima karibu kila upande: Iveti, Mua, Kiima Kimwe. Iko kilomita 60 na ushei kusini-mashariki mwa Nairobi, ina barabara za lami zinazotoka mjini kwenda pande zote, na kila baada ya kilomita chache kuna soko dogo lenye chai, ndizi, mandazi na fundi wa pancha. Mtu akiulizwa aeleze eneo linalofaa kwa mbio za baiskeli za barabarani, atataja mambo hayohayo. Bahari pekee ndiyo haipo.

Vilima hivyo vimewahi kubadili historia ya nchi. Kabla Nairobi haijawa mji, Waingereza walikuwa na kituo chao cha utawala hapa, mahali palipopata jina kutokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba. Lakini gari moshi haliwezi mwinuko mkali. Reli kutoka Mombasa ikapita chini kwenye uwanda wa Kapiti, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi za serikali zikahamia huko mwaka huohuo. Barabara kuu ya Mombasa nayo ilikuja kufuata uwanda. Hadi leo malori yanayotoka bandarini hupita Kyumbi, penye njia panda ya Machakos, bila kuingia mjini, na barabara za vilimani zimebaki na magari machache kuliko ile ya chini. Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni neema kubwa.

Njia ya kuanzia ni ile ya Mutituni. Barabara inaacha mji na kuanza kupanda Iveti kwa kona, huku mashamba yakining'inia juu na chini ya lami. Mwinuko wa asilimia 6 maana yake ni kupanda mita 6 kwa kila mita 100 za safari. Kwa macho si kitu cha kutisha, lakini mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80, akipanda hapo kwa kilomita 10 kwa saa, anahitaji nguvu ya wati 140 hivi, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu hiyo inakwenda kupambana na uzito wake mwenyewe. Nguvu hiyohiyo kwenye tambarare ya Kapiti ingempeleka kilomita 27 hivi kwa saa. Ongeza kwamba katika kimo hiki kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko pumzi ya Mombasa. Mgeni kutoka pwani ataona mapafu yanalalamika kabla ya miguu, na dawa yake ni kuweka gia nyepesi mapema, pale chini kabisa, badala ya kungoja mnyororo uanze kulia.

Kilomita zipatazo 12 kutoka mjini, kwenye njia hiyo, kuna Kyamwilu. Hapa ndipo watu husimamisha magari, humwaga maji barabarani na kuyatazama yakionekana kupanda kilima. Wenyeji wana masimulizi yao kuhusu mahali hapa, na vijana hujitokeza kuwaonyesha wageni kwa chupa ya maji. Sayansi inaeleza kwamba barabara kwa kweli inateremka. Vilima vya jirani vimeuficha upeo halisi wa macho, na ubongo, ukikosa mstari wa kulinganisha, unachukua miteremko ya pembeni kuwa kipimo. Sehemu za namna hii zipo katika nchi nyingi, na pima maji ya fundi mwashi hufichua ukweli wake mara moja.

Mwendesha baiskeli ana bahati ya kuwa na kipimo chake mwenyewe. Akisimama Kyamwilu, akainua miguu kwenye pedali na kuachia breki, baiskeli itasogea kuelekea upande ambao macho yanasema ni juu. Akigeuka na kurudi, macho yatamwambia anateremka, lakini mapaja yatachoka. Yeyote aliyepanda vilima virefu anaujua udanganyifu huu kwa kiasi kidogo: baada ya kipande kikali, kipande cha asilimia 2 huonekana tambarare, na mtu hujiuliza kwa nini baiskeli imekuwa nzito ghafla. Kyamwilu inaonyesha jambo hilo waziwazi.

Ukiendelea mbele unafika upande wa Kathiani, kisha Kangundo na Tala, masoko mawili yaliyokaribiana. Kutoka Tala, Barabara ya Kangundo inashuka kuelekea Nairobi kupitia Malaa, Joska, Kamulu na Ruai, kwa hiyo mtu wa Nairobi mwenye pumzi anaweza kuja kwa njia hii na kurudi kupitia Kyumbi, mzunguko wa kilomita 150 hivi. Asiyetaka kurudi mjini anaweza kuelekea kaskazini hadi Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 unaosimama peke yake juu ya Mto Athi na maporomoko ya Fourteen Falls. Ni hifadhi ya taifa tangu 1967. Ndani mna nyati, kwa hiyo hakuna kuingia bila kuzungumza kwanza na askari wa wanyamapori pale langoni. Kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, liko kando ya njia ya kupandia. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini chombo kilichobeba jeneza kikashindwa na mwinuko, akazikwa kilipokwama.

Barabara inayotoka Machakos kwenda Kitui ni ya tabia nyingine kabisa. Inateremka kuelekea mashariki, nchi inakuwa kavu, joto linapanda, miembe inaongezeka. Inapita Wamunyu, chimbuko la uchongaji wa Wakamba: Mutisya wa Munge aliupata ufundi huo kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani. Kwenda ni raha. Kurudi Machakos alasiri, jua likiwa usoni na njia ikipanda, kunataka chupa mbili za maji na akiba ya subira.

Anayepanda polepole ana nafasi ya kuona kitu ambacho abiria wa matatu hupitwa nacho: makinga maji. Vilima vya Machakos vimekatwa ngazi kwa ngazi kutoka bondeni hadi karibu na kilele, mtaro mmoja juu ya mwingine, kwa mtindo unaoitwa fanya juu, ambapo mkulima huchimba mfereji kufuata usawa wa kilima na kutupa udongo upande wa juu. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi hii inakufa kwa mmomonyoko. Suluhisho lao lilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga, hadi serikali ikalegeza kamba. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa wilaya ya Machakos ya zamani waliongezeka kutoka 240,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri zaidi. Kazi hiyo ilifanywa kwa majembe, kwa sehemu kubwa na vikundi vya wanawake. Inastahili kutazamwa kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa.

Na kwenye vilima hivyo kuna waendesha baiskeli ambao hakuna mtu anayewapigia makofi. Black Mamba, baiskeli nyeusi ya chuma, ina kilo 20 hivi. Baiskeli ya mashindano inaruhusiwa kushuka hadi kilo 6.8. Kwenye keria ya Black Mamba hufungwa mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mwenye mzigo huo hapandi akiwa kitini. Anashuka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye tandiko, anasukuma mwili ukiwa umelala mbele. Kwenye mteremko breki za vyuma hazitoshi, hivyo wengine hukanyaga tairi kwa soli ya ndara. Nguvu na ustadi wa kupanda na kushuka vimekuwepo hapa muda mrefu. Kilichokosekana ni mtu wa kuvitazama kama mchezo.

Kenya inajua kinachoweza kutokea vikitazamwa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa na David Kinjah, ambaye klabu yake ya Safari Simbaz iko Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 kwenye vilima vya mji huo, na walioanza wengi hawakumaliza. Machakos ina vilima vya kutosha kuwaandaa vijana kwa mbio kama hizo.

Kinachohitajika sana ni bega la barabara. Ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 Kenya kila mwaka, na kipande cha Mombasa Road kati ya Athi River na Kyumbi, chenye malori mfululizo, si mahali pa kujifunzia. Hata vilimani, ukingo wa lami mara nyingi umeliwa na maji ya mvua, na tairi jembamba likiangukia hapo halirudi. Mita moja na nusu ya lami pembeni, yenye mstari uliopakwa, ingemfaa mwanamichezo na mbeba maji kwa pamoja, na pia mtoto anayekwenda shule kwa miguu.

Kwa sasa, anayetaka kujaribu achague Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Julai vilima vya Iveti huwa na ukungu na manyunyu asubuhi. Aanzie Machakos mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aelekee Mutituni kwanza wakati miguu bado mibichi, avae rangi inayoonekana, na akifika Kangundo aagize muthokoi, mlo wa Kikamba wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kabla ya kuamua kama atasonga hadi Donyo Sabuk au atageuka.