Majani ya mlonge na damu ya kuku wa nyama

Ndugu mkazi wa kambi, kama unafuga kuku wa nyama, kila asubuhi tazama upanga wa kichwani. Ukiwa mwekundu, ni dalili nzuri. Ukipauka, huenda kuku amepungukiwa damu, hata kama bado anakula.

Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa kuhara damu, unaowapata zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Vijidudu vyake huharibu utumbo, na damu hutoka na kinyesi. Hupenda unyevu, kwa hiyo banda likivuja, badilisha maranda siku hiyo hiyo.

Wengi mnauliza kuhusu mlonge. Majani yake yana protini na madini ya chuma, ambavyo mwili hutumia kutengeneza damu. Yakaushe kivulini, yatwange, uchanganye na chakula, yasizidi gramu 50 kwa kilo 1. Wapo wanaojaza majani ili kuokoa pesa ya chakula. Kuku wao hawakui, kwa kuwa majani yana nyuzinyuzi nyingi.

Lakini mlonge ni chakula, hautibu kuhara damu. Ukiona damu kwenye kinyesi, watenge wagonjwa na umuone mtaalamu wa mifugo akupe dawa, kama vile amproliamu. Muulize pia usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa usimle wala usimuuze. Mzike kwenye shimo refu, kisha nawa mikono kwa sabuni.