Nembo kifuani: Mvaaji ndiye bango, tena bango linalojilipia

YEYOTE atakayesimama kwa nusu saa katika Barabara ya Moi jijini Nairobi, au penye kivuko cha Likoni kule Mombasa, atasoma majina ya kampuni nyingi kuliko yale yaliyobandikwa juu ya majengo. Majina hayo yamo vifuani mwa watu, migongoni, kwenye kofia, soksi na mikoba. Yamo hata kwenye mikanda ya chupi za vijana ambao suruali zao zimekataa katakata kukaa kiunoni.

Mtindo huo wa suruali kuteremka huwakera wazee wengi, na wana haki ya kukereka. Lakini hata mkanda ule unaochungulia una historia yake. Calvin Klein wa Marekani alipoanza kuuza chupi za wanaume mwaka wa 1982, aliliweka jina lake palepale kwenye lastiki ya kiuno. Jina likiwa pale, suruali ilibidi ishuke ndipo lisomeke.

La kustaajabisha zaidi ni mkondo wa pesa. Kampuni inayotaka kutangaza bidhaa kwenye bango humlipa mwenye bango. Vivyo hivyo gazeti hulipwa, na redio hulipwa. Mvaaji wa fulana yenye nembo kubwa kifuani hufanya kazi iyo hiyo, akatembea nayo mjini kutwa kucha, lakini yeye ndiye anayetoa pesa. Aghalabu hutoa zaidi ya ambavyo angetoa kwa fulana tupu ya pamba iyo hiyo.

Hali haikuwa hivyo tangu jadi. Charles Frederick Worth, mshonaji Mwingereza aliyefungua duka Paris katika karne ya 19, alishona jina lake kwenye nguo za mabibi wa kitajiri, ila alilishona kwa ndani. Aliyelijua ni mwenye nguo na mjakazi wake.

Jina lilitoka nje kupitia kwa mcheza tenisi. Mfaransa René Lacoste, bingwa wa Marekani mwaka wa 1926 na 1927, alikuwa na lakabu ya Mamba. Rafiki yake, Robert George, alimchorea mamba huyo, naye akamtarizi kwenye koti alilovaa akiingia uwanjani. Mwaka wa 1933, Lacoste alishirikiana na mwenye kiwanda André Gillier kuuza mashati yenye mamba kifuani. Wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa kwa shati kubeba alama ya muuzaji wake mahali ambapo kila mtu angeiona.

Wengine walifuata. Mkwaju wa Nike ulichorwa mwaka wa 1971 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portland State, Carolyn Davidson, ambaye alilipwa dola 35 tu. Baadaye, mwaka wa 1983, kampuni hiyo ilimpa hisa kama shukrani.

Mwaka wa 1986, wanamuziki wa Run-DMC kutoka New York walitoa wimbo wa kuvisifu viatu vyao vya Adidas bila kutumwa na mtu. Wakuu wa kampuni walipoona mashabiki katika ukumbi wa Madison Square Garden wakiinua viatu hivyo juu, waliwapa wanamuziki hao mkataba. Wale mashabiki, walioinua viatu walivyovinunua kwa fedha zao wenyewe, hawakupewa chochote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kupenda kitambaa kwa sababu ya asili yake ni ugonjwa ulioletwa na runinga. Pwani ya Afrika Mashariki iliujua zamani. Kuanzia miaka ya 1830, Zanzibar ilipokea kwa wingi kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts. Wanunuzi wa hapa walikipenda hata jina la nchi likawa jina la nguo: merikani. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kukiiga, na wafanyabiashara wakagundua kuwa mnunuzi wa Kiafrika hadanganyiki upesi. Soko hilo la Wamarekani lilivurugika tu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka nchini mwao mwaka wa 1861.

Leso nayo ilibeba alama. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza katika karne ya 19, zilitambulika kwa maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Lakini alama hiyo ilikuwa ya herufi ndogo. Nafasi kubwa ya maandishi iliachiwa jina la leso, yaani methali, fumbo au kijembe ambacho mwanamke alikichagua ili amfikishie jirani, mke mwenza au mumewe ujumbe asiotaka kuutamka. Leso ilisema maneno ya aliyeivaa, ilhali fulana ya leo husema maneno ya aliyeiuza.

Kwa nini basi watu huvaa? Jibu jepesi ni kuwa wanataka kuonekana wana uwezo, na mwanauchumi Thorstein Veblen alikwisha kulieleza hilo mwaka wa 1899. Jibu lenye uzito zaidi lilitolewa mwaka wa 2010 na watafiti Young Jee Han, Joseph Nunes na Xavier Drèze. Walipochunguza mikoba ya Gucci na Louis Vuitton pamoja na magari ya Mercedes, waligundua kwamba kadiri bidhaa ilivyokuwa ghali, ndivyo nembo yake ilivyokuwa ndogo. Matajiri wa siku nyingi hutambuana kwa mshono na ngozi, wala hawahitaji maandishi. Nembo kubwa hutengenezewa yule anayetaka kufananishwa nao.

Hapo ndipo waghushi hupata riziki. Kwa kuwa kinachonunuliwa ni alama, si kitambaa, anayeweza kuichapa alama hiyo kwa bei nafuu ana soko tayari. Georges Vuitton alibuni ile michoro ya herufi L na V mwaka wa 1896 ili kuwakomesha walioiga masanduku ya babake. Leo ni miongoni mwa michoro inayoigwa zaidi ulimwenguni.

Nchini Kenya, Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inamtishia mfanyabiashara anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza kifungo cha hadi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Licha ya hayo, viatu vyenye mistari minne badala ya mitatu bado vinauzwa hadharani.

Gikomba kuna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Nguo ya mtumba iliyotoka kwenye robota inaweza kuwa halisi kabisa ingawa imevaliwa na mwingine Ulaya au Marekani. Wachuuzi huchambua zile bora mapema na kuziita "kamera", na mabaki ya mwisho huitwa "fagia". Kando yake huweza kuning'inia nguo mpya kabisa yenye nembo iyo hiyo, iliyo ghushi toka kola hadi pindo. Kuvaliwa si kasoro kubwa kama kudanganywa.

Mzigo mzito zaidi humwangukia mzazi. Sare ya shule huficha tofauti za kipato, lakini viatu vya michezo, begi na nguo za likizo huzifichua. Mtoto anayechekwa kwa kuvaa kiatu kisicho na jina hajali Veblen alisema nini, na mzazi mwenye kipato kidogo hujikuta akichagua kati ya kuvunja bajeti ya mwezi na kununua nembo ghushi itakayobanduka baada ya kufuliwa mara tatu.

Anayeingia sokoni kwa ajili ya mtoto huyo angefaa kuigeuza nguo nje ndani kwanza. Akague kama mshono umenyooka na kurudiwa, kama zipu inateleza, na kama pindo lina akiba ya kukunjuliwa mtoto akirefuka. Ikiwa nembo imetariziwa na haitakiwi, fundi cherehani ataifumua kwa wembe kwa dakika chache. Ile iliyochapishwa kwa rangi haitoki.