Kamba walioingia maji na amana ya mfuko wa msikiti

Barabara ya Kilwa inayopita katikati ya mji wa Kibiti ndiyo hiyo hiyo inayofika mlangoni mwa viwanja vya Sabasaba, Temeke, jijini Dar es Salaam. Kila mwaka, inapokaribia tarehe 7 Julai, hupita humo mchele, asali, korosho na samaki wa kwetu kwenda kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa. Safari hii tulikuwa na mtu wetu humo: mama mmoja wa kijiji cha delta ya Rufiji, mjane mwenye watoto watatu, ambaye ametuomba tusimtaje jina.

Mama huyo hukausha kamba. Huwanunua kwa wavuvi wakati wa bamvua, huwachemsha kwa maji ya chumvi na kuwaanika juu ya chanja mpaka wakauke kabisa. Zamani alilima mpunga pia, lakini mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha shamba lake, kama yalivyozamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Tangu hapo kamba ndio tegemeo lake. Alipopata nafasi ya kushiriki banda pamoja na wajasiriamali wenzake, alikuja kwetu kamati ya msikiti. Tukampa kardhi hasana, mkopo usio na riba, kutoka mfuko wa wajane na mayatima. Fedha ile si ya kamati. Ni amana ya watu, na walikuwapo waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Alipakia magunia manne katika mashua ya injini kwenda Nyamisati. Upepo wa kusi ulikuwa mkali na mawimbi yakarusha maji ndani ya chombo. Alifunika mzigo kwa turubai, akadhani umesalimika. Siku ya pili ya maonesho, alipofungua gunia la tatu, mkono wake ulikutana na unyevu. La nne nalo lilikuwa vivyo hivyo.

Jirani yake bandani alimshauri kwa huruma: “Dada, changanya na wale wakavu, ufungashe upya. Hapa mtu anapita mara moja tu. Nani atarudi kukuuliza?”

Akatupigia simu. “Katibu, mzigo umeingia maji. Nifanyeje?”

Ni wajibu wetu kukiri kwamba jambo la kwanza lililotujia moyoni lilikuwa mfuko, wala si hukumu ya sheria. Tulimjibu: “Angalia mwenyewe, mama, ila ukumbuke deni.” Jibu hilo linatuaibisha hadi leo, kwani sisi ndio tunaowakumbusha watu uaminifu kila Ijumaa.

Watoto wa madrasa wanaijua hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa umaji. Mwenye mali akaeleza kuwa kimenyeshewa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akawakana wanaodanganya.

Mama yule aliikumbuka hadithi hiyo kabla yetu. Kamba walioanza kuota ukungu aliwatupa. Waliokuwa na unyevu tu aliwaweka katika beseni mbele ya meza, akaandika kwenye kipande cha boksi: “Hawa waliingia maji safarini,” na bei akaipunguza nusu. Wapo walionunua wakaenda kupika siku hiyo hiyo. Wengi zaidi walisoma, wakapita. Tungependa kuandika kwamba wateja walimiminika kwa sababu ya ukweli wake, lakini haikuwa hivyo. Alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa karibu nusu ya deni.

Kikao cha kamati kilikuwa kizito. Wapo waliosema ahadi ni ahadi, na kwamba mayatima hawawezi kula udhuru. Hoja hiyo haikuwa ya dhulma. Wengine wakaikumbusha kamati aya ya 280 ya Surat Al-Baqara, inayoamrisha kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki na kuhimiza kumsamehe. Tukaafikiana hivi: muda tuna wajibu wa kuutoa, lakini kusamehe kwa fedha za mayatima hatuna idhini. Anayetaka kusamehe na atoe mfukoni mwake. Baadhi yetu wakatoa papo hapo. Salio mama atalilipa kidogo kidogo kila bamvua.

Tulijifunza pia kosa letu. Tulikagua hati ya mkopo, lakini hakuna aliyeuliza mzigo utasafirije. Ndoo zenye mifuniko zingeuokoa. Sasa anayekopa kwa ajili ya biashara ya chakula tunamuuliza kwanza juu ya chombo, vifungashio na mizani yake.

Tena kuna mlango ambao hakuukuta wazi. Mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam aliwapenda wale kamba wakavu, akauliza alama ya TBS, naye hakuwa nayo. Wengi wetu hatujui kwamba mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO huweza kupata leseni ya alama hiyo bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo, bidhaa yake ikikidhi viwango. Mama ameanza kuifuatilia barua ya utambulisho, na kamati inamsaidia kuandika.

Ndugu zetu, ni rahisi kumhimiza mwuza chakula asiwadanganye watu. Lakini nyuma ya meza yake kuna mkopeshaji, na neno la mkopeshaji laweza kumtia nguvu au kumsukuma kwenye ghushi. Siku ile sisi tulikaribia kumsukuma. Mwenyezi Mungu atusamehe, ambarikie mama huyu katika riziki yake, na atujaalie kuwa wakweli tunapouza na wapole tunapodai. Amin.